Naomba ushauri: timu ilizoea amri, naiongozaje?

Wakuu habari zenu, nimepewa usupavaiza kwenye ghala la vinywaji hapa Dar na kichwa kinaniuma. Bosi aliyepita alikuwa mtu wa amri tu, lori likiingia na kreti zimevunjika hakuna anayegusa mpaka aitwe yeye. Mimi nikiuliza "mnaonaje, tuanze kupakua wapi" wananitolea macho tu.

Chuo tulisoma utafiti wa mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake wa 1939, wale watoto walioongozwa kwa mitindo mitatu, amri, ushirikishwaji na kuachiwa wajifanyie. Wa amri walipiga kazi ila kiongozi akitoka tu kazi inalala, yaani hawa wa kwangu kabisa! Halafu wataalamu wa uongozi Hersey na Blanchard 1969 wakaja na hoja kwamba mtindo uendane na mtu, mgeni mwelekeze hatua kwa hatua, mzoefu mwachie. Kwenye karatasi safi sana, ila nikimwachia mzee wa foklifti afanye anavyojua huku kijana mpya namsimamia kila kreti, tayari minong'ono imeanza eti nina upendeleo.

Waliowahi kurithi timu ya namna hii mlianzaje? Niwaambie wazi kwenye kikao cha asubuhi kwa nini nawasimamia tofauti, au nibane wote kwanza halafu nilegeze mdogo mdogo? Na huyo mzee, ambaye nasikia alitegemea cheo hiki apewe yeye, nimpe kazi ya kufundisha wageni au ataona namtwisha majukumu yangu?