Nimeuziwa kamera ya megapikseli 61, inatoa 26. Wauza kamera mnaotuma mizigo mikoani, tuheshimiane

Wakuu, habari za muda huu.

Naenda moja kwa moja kwenye mada, maana hapa nilipo nimevurugwa.

Mimi ni mpiga picha, studio yangu iko Mwanjelwa, Mbeya. Harusi, send-off, kipaimara, mahafali, pasipoti za chapchap, zote tunapiga. Mwaka huu nikapata kazi ya tofauti: lodge moja upande wa Tukuyu wanataka picha za mashamba ya chai, Mlima Rungwe ukiwa nyuma, zichapwe kubwa za kujaza ukuta wa mapokezi. Kila picha upana wa mita moja na nusu. Kamera yangu ya siku zote ni ya megapikseli 24, na kwa harusi sina shida nayo. Ila huyu mteja ni wale wa kusogelea picha mpaka pua inagusa karatasi, anataka aone jani la chai na mshipa wake. Nikaona hapa inatakiwa kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa (sensa ni kile kidude cha ndani kinachonasa picha), na megapikseli za kutosha, nikachukua mkopo kwenye kikoba, nikaanza kutafuta duka Dar.

Jina la duka sitaji, mods wasije wakafyeka uzi. Kampuni iliyotengeneza kamera nayo sitaji, kwa sababu ugomvi wangu si na wao. Kamera yenyewe, ile bodi tupu, ni nzima na ni moto. Tatizo ni mjanja aliyeifungasha.

Niliagiza seti: bodi ya megapikseli 61 ya zile za kisasa zisizo na kioo ndani (mirrorless), lenzi ya zumu ya kuanzia nayo, memori kadi yenye kasi, betri ya akiba. Nikauliza kwa maandishi, WhatsApp, na chati zote ninazo: "Kaka, hiyo lenzi ni ya fulu fremu?" Jibu: "Inaingia freshi boss, haihitaji hata adapta." Nikamwambia sijauliza kama inaingia, nauliza kama ni ya fulu fremu. Akatuma vile vimoto vitatu na haya maneno: "Boss wangu hiyo ni mashine, unapata megapikseli zote 61, ukitaka inakupa hadi 240." Sasa mtu akikuandikia "unapata zote 61" juu ya seti anayokuuzia yeye mwenyewe, unaelewa nini?

Mzigo ukapanda basi, kilomita zaidi ya 800 hadi huku, nikaupokea stendi. Nikachaji betri, nikapanda juu ya paa asubuhi ukungu ulipotoka, nikapiga Mlima Loleza wote na nyumba zake za chini. Nikafungua faili kwenye kompyuta, nikaangalia vipimo: 6240 kwa 4160.

Wenye hizi kamera mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze kidogo. Sensa ya fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, kipimo kile kile cha picha moja kwenye filamu za zamani za milimita 35. Kamera ya megapikseli 61 ikitumia sensa yake yote inatoa 9504 kwa 6336. Lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo, wanazoziita APS-C, zinamwaga duara dogo la mwanga. Kuingia zinaingia, mdomo ni ule ule. Ila kamera ikiitambua lenzi ya hivyo inakata yenyewe, inatumia sehemu ya katikati tu, na unabaki na megapikseli 26. Yaani mtu kaniuzia sensa nzima halafu akanipa lenzi ya kutumia chini ya nusu yake.

Nikaingia kwenye menyu nikazima huko kukata. Faili likaja kamili, 9504 kwa 6336, lakini pembe zote nne nyeusi tii, Loleza iko katikati kama unaichungulia kwenye bomba la maji.

Nikapiga simu. Aliyepokea si yule tuliyekuwa tunachati, ni mwingine. Anasema, "Kwani picha hazitoki?" Zinatoka. "Sasa shida nini?" Nikamweleza. Akanijibu hiyo ni setingi, nitafute fundi wa huku anisaidie. Wakuu, setingi! Nikamwambia lenzi imeandikwa ubavuni kwamba ni ya sensa ndogo. Akasema mali ikishatoka dukani hairudi, na kwamba wateja wengine hawajawahi kulalamika. Inawezekana kweli hawajalalamika. Ukiweka picha yako Instagram, megapikseli 26 au 61 nani atajua? Huo ndio mtaji wao.

Kadi sasa. Kwenye chati aliniandikia ni UHS-II, lile daraja la kadi zenye kasi kubwa, na kibandiko cha mbele kimeandikwa hivyo hivyo, namba ya Kirumi mbili ipo. Geuza kadi nyuma. UHS-II ya kweli ina safu mbili za pini za shaba, ya juu ile ya kawaida na ya pili chini yake. Yangu ina safu moja. Hakuna cha kubishana hapo, hata mtoto wa darasa la kwanza atahesabu. Nikaipima kwa H2testw, kile kiprogramu cha bure cha Windows kinachojaza kadi yote kisha kuisoma upya. Ukubwa ni wa kweli, hapo nimshukuru Mungu, maana kuna zinazoandikwa GB 128 ndani kuna 16. Ila kasi ya kuandika ni kama MB 30 kwa sekunde.

Fanyeni hesabu. Faili moja la RAW (picha ghafi kama ilivyotoka kwenye sensa) lililobanwa kwenye kamera ya megapikseli 61 ni kama MB 61, lisilobanwa linafika 120. Ukibonyeza mfululizo picha 60 maharusi wakiingia ukumbini, hizo ni karibu GB 3.7. Kwa MB 30, kamera inahitaji dakika mbili kumaliza kuandika. Niliibeba kwenye send-off moja pale Soweto, hapa hapa Mbeya, kuijaribu, kamera ya zamani ikiwa shingoni. Bi harusi kaingia na mashangazi wanacheza, mimi nimebonyeza, kile kitaa chekundu cha kuonyesha kamera bado inaandika kwenye kadi kimewaka, na kuanzia hapo shata inatoka moja moja kwa kudonoa. MC anaita watu wa keki, kitaa bado chekundu. Bila ile ya zamani ningerudisha hela za watu.

Na hiyo "hadi 240" aliyonitangazia ipo kweli, lakini si kama alivyoisema. Kamera inapiga picha 16 ikisogeza sensa vihatua vidogo sana kila mara, halafu unaziunganisha kwenye kompyuta kwa programu yake. Inataka stendi ya miguu mitatu iliyotulia na kitu kisichotikisika kabisa. Inafaa kwa mchoro ukutani au bidhaa mezani. Mashamba ya chai ya Rungwe yana upepo, majani yanacheza kutwa, ukiunganisha unapata uji. Muuzaji anayetaja 240 bila kutaja 16 na stendi anajua anachofanya.

Vivyo hivyo ile shata ya kimya, ya kielektroniki isiyotoa mlio, aliyoisifia kwamba ni ya kanisani. Sensa yenye pikseli nyingi hivi kwa kawaida inasomwa mstari kwa mstari, taratibu, na chini ya taa za LED za ukumbi au madhabahuni unapata michirizi inayokata picha, tena flashi haiwaki kwenye hali hiyo. Hilo ni tabia ya kamera, simlaumu aliyeitengeneza, na dawa yake ni kurudi kwenye shata ya kawaida. Lakini mtu anayejiita mtaalamu wa kamera kwenye bio yake alipaswa kuwa na sentensi moja ya kulisema.

Risiti nayo: nimepewa kikaratasi cha mkono, "kamera 1 na vifaa vyake". Nilipodai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wakasema mashine ni mbovu, watanitumia. Mpaka naandika hapa mashine haijapona.

NYONGEZA (nimesoma majibu yenu ya jana usiku)

Mkuu uliyesema ningebaki na 24 tu maana wateja wa Mbeya wanataka picha za WhatsApp: kwa harusi uko sahihi. Picha ya inchi 8 kwa 12 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inakula megapikseli kama 8.6 tu. Lakini nilishasema kazi ni ukuta wa mita moja na nusu. Upana wa pikseli 9504 unanipa nukta kama 160 kwa inchi. Hizi 6240 za lenzi waliyonitumia zinanipa 105 hivi, yaani nimepiga hatua ndogo tu kutoka kwenye 6000 ya kamera yangu ya zamani. Nimekopa kwa ajili ya pikseli 240 za upana. Cheka ukitaka, mimi sijaweza.

Uliyesema megapikseli nyingi zina chengachenga usiku: ukiangalia pikseli moja moja ndiyo, ukizichapa kwa ukubwa ule ule tofauti inakuwa ndogo sana. Kinachosumbua kweli ni mkono. Kwa lenzi ya milimita 50 nilizoea kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde, humu mtikisiko mdogo tu unaonekana, napandisha mara mbili au zaidi. Na hapo kuna kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi.

Kuhusu kompyuta, nakubaliana na wote mlioniambia nijiandae. Harusi ya picha 1,500 ni zaidi ya GB 90 za RAW iliyobanwa. Hilo nililijua kabla, hadidiski nilishanunua. Nashangaa watu mnanihubiria hifadhi wakati nalalamikia lenzi.

Aliyeniambia niende Tume ya Ushindani, FCC: nashukuru, naandaa barua. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na mimi nina chati, nina picha ya kadi mbele na nyuma, nina kikaratasi. TRA, watu wa kodi, nao nitawapelekea habari ya mashine isiyopona.

Na wewe uliyeandika "watu wa mikoani mmezidi kulialia, ungepanda basi uje dukani": wa Iringa, Njombe, Songwe, Rukwa na Ruvuma tunanunua kwa simu kwa sababu vitu hivi huku ni vya kubahatisha. Mnapokea hela zetu kwa simu kwa heshima zote, "boss wangu, boss wangu". Mzigo ukifika na matatizo ndipo tunakuwa watu wa mikoani.

NYONGEZA YA PILI

Wamenipigia leo mchana, nadhani kuna mtu kawaonyesha uzi. Wako tayari kubadilisha lenzi kwa sharti niongeze pesa ya tofauti, kadi wanasema "tutaangalia", na niufute uzi kwanza. Nimewajibu hivi, na ninaweka hapa mbele za watu: lenzi ya fulu fremu ndiyo niliyoilipia kwa maandishi yenu wenyewe, siongezi hata mia. Kadi nataka yenye safu mbili za pini, mnipigie picha ya nyuma kabla hamjaifungasha. Nauli ya mzigo kwenda na kurudi ni yenu. Risiti ya EFD iwe ndani ya boksi. Uzi hauguswi.

Wakati huo huo, kazi ya Tukuyu haisubiri, mvua ikikolea Rungwe yote inaingia kwenye wingu. Mwenye lenzi ya fulu fremu ya kukodisha kwa siku kadhaa, milimita 35 au 50 yoyote isiyo na ukungu ndani ya vioo, awe Mbeya, Tukuyu au Makambako, aje PM. Tunakutana ana kwa ana, tunaifunga kwenye bodi, tunapiga picha moja, tunaangalia vipimo vya faili, ndipo hela inatoka.