Nimeuliza mishahara ya nyumba za wazee, mheshimiwa kanipa STIKA!!!

MamaShifti:
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa mheshimiwa wetu wa bunge la jimbo. Wa huku Minnesota, Marekani, mnamjua, yule meno yote nje kwenye mabango. Simtaji.

Nimetoka shifti ya usiku nikaenda moja kwa moja, hata kuoga sijaoga. Kaongelea bwawa la kuogelea mpaka nikasinzia. Zamu yangu ikafika, nikauliza swali la mtu mzima: mwaka 2023 ninyi wenyewe mliunda bodi ya kupanga viwango vya chini vya mishahara kwa sisi tunaofanya kazi nyumba za wazee. Sehemu kubwa ya hela za vituo inatoka Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na malipo yake mnayapanga ninyi hapo bungeni Saint Paul. Sasa mnasema bajeti imebana. Hiyo nyongeza atalipa nani?

Kanyamaza. Kaingiza mkono mfukoni. Kanitolea STIKA.

Ya bata.

Mimi! Mama mzima nageuza wazee wa kilo mia usiku kucha, napewa stika kama mtoto aliyechomwa chanjo bila kulia! "Swali zuri sana," halafu huyoo, kamgeukia mzee mwenye mbwa. Mbwa kaulizwa jina, umri, na anapenda kula nini. Mimi bata!

Wabunge 201 wanakaa pale kugawana mabilioni, kilichonifikia mimi ni bata. Na gundi yenyewe haishiki.

Mzee wa Theluji:
Samahani dada, yule si bata. Ni loon, ndege wa jimbo. Tuheshimu nembo za watu.

MamaShifti:
Mzee naongelea mshahara wewe unanifundisha ndege??

Kapera Mstaafu:
Mleta uzi, weka picha ya bata tuamue.

Fundi Paa:
Dada unadeka. Huku Texas kikao chao cha kawaida ni siku 140 kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2023 wakautumia muda huohuo kupitisha sheria ya kuzifuta kanuni za Austin na Dallas za kuwapa mafundi ujenzi mapumziko ya kunywa maji. Julai, juu ya paa! Mimi ningepewa stika ningelamba gundi.

Philly Damu:
Nyote tulieni. Bajeti ya Pennsylvania ilitakiwa 30 Juni 2025, ikasainiwa 12 Novemba. Shule zilifika mahali pa kukopa. Mimi nikichelewesha kodi ya nyumba wiki moja tu, karatasi iko mlangoni.

Kapera Mstaafu:
New Hampshire baraza lao la wawakilishi lina watu 400, kila mmoja analipwa dola 100 kwa mwaka. Hapo hata ukipewa bata unaelewa.

MamaShifti:
SI BATA TENA, NI LOON. Na mbwa kajibiwa!!

Wanjiku wa Dallas:
Ati stika? MCA wetu (mjumbe wa bunge la kaunti) kule nyumbani Kenya alitupatia fulana ya kampeni, ikafuliwa mara moja ikatosha mtoto. Shukuru Mungu.

Fundi Paa:
Mbwa alikuwa aina gani?

Mama Iliki:
Poleni jamani. Walioko Brooklyn Park na Brooklyn Center, kesho nina maandazi na sambusa za nyama. Oda mwisho saa nne usiku.

Mzee wa Theluji:
Maandazi ya nazi au ya maji?

Mama Iliki:
Ya nazi, mzee wangu. Ya maji kapike kwako.

Philly Damu:
Mnatuma mpaka Philadelphia?

MamaShifti:
Mama Iliki niwekee dazeni mbili, napita nikitoka kazini. Ila uzi ni wa mishahara jamani.

Mama Iliki:
Sawa mwanangu. Gari uegeshe nyuma ya jengo, mbele wanavuta magari theluji ikianguka.

Mzee wa Theluji:
Langu walilivuta juzi! Hao ndio wa kufunguliwa uzi.