Naomba ushauri: Je, safu ya "faida" katika ripoti za wateja inatosha kupangia kodi ya faida ya mtaji?

Mchambuzi_Leicester:
Wadau, salamu kwenu. Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya washauri wa uwekezaji hapa Leicester, na mwajiri wangu amenikabidhi ripoti za robo mwaka za wateja sitini nizipitie kabla ya tarehe 5 Aprili, siku ambayo mwaka wa kodi wa Uingereza unafungwa, ili nimwonyeshe ni yupi anaweza kuuza sehemu ya uwekezaji wake bila kodi au kwa kodi ndogo. Msamaha wa mwaka, yaani kiasi cha faida kisichotozwa kodi, uliokuwa pauni 12,300 hadi mwaka 2022/23, ulishushwa hadi 6,000 na sasa ni 3,000 tu. Na tangu 30 Oktoba 2024 viwango vya kodi kwa faida ya hisa vimepanda kutoka asilimia 10 na 20 hadi 18 na 24. Mteja ambaye zamani hakuijua kodi hii, leo anaweza kuingia kwa kuuza vipande vichache.

Nilipanga safu ya "faida" kwenye ekseli kutoka kubwa hadi ndogo, nikaanza na mama mmoja mjane, mwalimu mkuu wa sekondari ambaye mshahara wake umeshapita pauni 50,270, kwa hiyo yuko kwenye kiwango cha asilimia 24. Ana vipande vya mfuko mmoja wa hisa: gharama ya kununulia 42,000, thamani ya leo 58,000, faida 16,000. Anataka kuhamishia pauni 20,000 kwenye akaunti ya ISA, ambayo faida yake haitozwi kodi. Kwa hesabu ya ripoti, mauzo hayo yanazaa faida ya takriban 5,517, na baada ya msamaha atadaiwa kama pauni 604. Je, nishauri auze nusu sasa na nusu baada ya 5 Aprili?

Nauliza kwa woga kwa sababu mwaka jana niliumbuka. Nilipendekeza mteja auze mfuko wenye hasara tarehe 28 Machi, ili hasara hiyo ikatwe kwenye faida zake. Tarehe 8 Aprili kampuni inayosimamia uwekezaji wake ikasawazisha mgawanyo, yaani ikarudisha kila mfuko kwenye uwiano uliopangwa, na kuununua mfuko uleule, na sehemu kubwa ya hasara niliyomwahidi ikayeyuka.

Bi_Hesabu:
Ndugu Mchambuzi, usimgawie mama huyo mauzo bado. Ripoti ya robo mwaka huandikwa ili mteja aone uwekezaji wake umekua kiasi gani, na safu ile ya "faida" mara nyingi ni thamani ya leo ukitoa fedha iliyoingizwa, basi. Nina maswali mawili: vipande hivyo alivinunua vyote mwenyewe, au vingine alirithi? Na je, ni vipande vinavyotoa gawio taslimu, au ni vile vinavyolimbikiza gawio ndani ya mfuko?

Mchambuzi_Leicester:
Nimempigia simu mchana huu. Nusu vilikuwa vya marehemu mumewe, aliyefariki mwaka 2021. Mume alivinunua kwa 21,000, na karatasi za mirathi zinaonyesha kwamba siku aliyofariki vilikuwa na thamani ya 25,000. Vyote ni vya kulimbikiza. Taarifa za gawio za miaka yote anazo, amezihifadhi kwenye bati la biskuti, na jumla yake ni pauni 5,400 ambazo amekuwa akizitangaza na kuzilipia kodi ya mapato kila mwaka.

Bi_Hesabu:
Bati hilo la biskuti lina thamani kuliko ripoti yako. Vipande vya kurithi huhesabiwa kwa bei ya soko ya siku ya kifo, kwa hiyo gharama yake ni 21,000 jumlisha 25,000, yaani 46,000. Gawio lililolimbikizwa, kwa kuwa limeshatozwa kodi ya mapato, huongezwa kwenye gharama, na hapo tunafika 51,400. Angalia tu kwamba gawio la kwanza baada ya kununua huwa na sehemu ambayo ni mtaji wake mwenyewe unaorudishwa, hiyo haiongezwi. Ikiwa umeshaitoa, faida ya kweli ni 6,600 na si 16,000, na akiuza vipande vya pauni 20,000 faida itakuwa takriban 2,276, ambayo inaingia yote ndani ya msamaha. Ahamishe zote kabla ya 5 Aprili, kwa sababu akingoja, nusu ya nafasi yake ya ISA ya mwaka huu ya pauni 20,000 inapotea na hairudi.

Mzee_wa_Daftari:
Naongezea juu ya yaliyokukuta mwaka jana. Ukinunua tena mfuko uleule ndani ya siku 30, vipande vipya hulinganishwa kwanza na vile ulivyouza, na hasara hukwama kwa idadi hiyo tu ya vipande. Ununuzi ndani ya ISA haumo katika kanuni hii, kwa hiyo mama yako yuko salama, lakini mteja mwenye mchango wa kila mwezi au usawazishaji wa kila robo mwaka unapaswa kumwombea asimamishiwe kwanza. Ripoti ya Machi haiwezi kukuonyesha ununuzi wa Aprili.

Uliza pia kama mteja ana mfuko huohuo kwenye jukwaa lingine, yaani kampuni nyingine inayomtunzia uwekezaji. Sheria huuchukulia kuwa fungu moja lenye gharama ya wastani, ilhali kila jukwaa huripoti la kwake kana kwamba lile lingine halipo. Na usikimbilie kuuza penye hasara mteja akiwa na faida isiyozidi 3,000: hasara ya mwaka huohuo hukatwa kwanza, nayo huula msamaha bure, tofauti na hasara ya miaka ya nyuma, ambayo hukatwa hadi faida ibaki 3,000 tu. Wateja wenu wazee sana wenye faida kubwa, mimi ningewaacha kabisa, kwa sababu wakifariki faida hiyo hufutika, kama ilivyotokea kwa marehemu.

Pwani_Reading:
Kama kuna wateja wenye hisa za Nairobi, msiwasahau. Kenya haitozi kodi hii kwa hisa zilizoorodheshwa sokoni, lakini mkaazi wa Uingereza anadaiwa huku, na hesabu hufanywa kwa pauni za siku ya kununua na za siku ya kuuza. Aliyenunua kwa shilingi 1,000,000 pauni ikiwa 125, akauza kwa 1,200,000 pauni ikiwa 170, ana faida ya shilingi 200,000 na hasara ya pauni 941. Ripoti ya dalali itaandika faida.

Mchambuzi_Leicester:
Nashukuru sana. Nimeifuta ile ekseli. Kesho naanza upya na safu tatu ambazo ripoti haina: vipande vilitoka wapi, gawio lililolimbikizwa, na majukwaa mengine. Wateja kumi na mmoja ni wajane au wagane, nao ndio nitakaowapigia kwanza.