Naomba ushauri: Zinjanthropus niwafundisheje wanafunzi?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha Historia kidato cha kwanza, na swali ni lile lile: "Mwalimu, kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?" Hilo naliweza: sisi na sokwe tulichangia babu wa kale, kila ukoo ukashika njia yake. Kinachonisumbua ni Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, la miaka kama milioni 1.75. Watoto wamekariri kuwa ndiye babu yetu, kumbe ni tawi la pembeni lililotoweka! Nyayo za Laetoli, yaani alama za miguu za viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu zilizopatikana hapa Tanzania, za zaidi ya miaka milioni 3.6, zinawavutia sana. Walimu wenzangu, nianzie hapo? Na mzazi anayeona somo hili linapinga imani yake, mnamjibuje bila kumvunjia heshima?