Viatu vya skeitibodi: tuvipe alama vipi bila kuvionea?

Muulizaji

Habari zenu, wakuu. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiandika tathmini za viatu vya skeitibodi, yaani ubao wa magurudumu, na kukipa kila kiatu alama kati ya 1 na 10, lakini nimeanza kuzitilia shaka alama zangu mwenyewe. Kiatu kimoja cha turubai nilikipa 4 kwa sababu kilitoboka baada ya wiki tatu, na kingine cha swedi (ngozi yenye uso wa manyoya laini) nikakipa 8 kwa kuwa kilidumu miezi mitatu. Nilipopitia tena kumbukumbu zangu, niligundua kwamba katika wiki zile tatu nilikuwa nimebandika msasa mpya juu ya ubao, ule unaozuia mguu kuteleza, na nikifanya kila siku mazoezi ya kikiflipu, mtindo wa kuruka huku ukiubiringisha ubao hewani kwa mguu, ilhali ile miezi mitatu ilikuwa ya mvua na nilipanda ubao mara chache sana. Ni kipimo gani kitakachomtendea haki msomaji, na kiatu chenyewe pia?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kosa limeanzia kwenye kuhesabu wiki. Kiatu hakichakazwi na kalenda. Kinachakazwa na msasa, ambao chembe zake, mara nyingi za silikoni kabaidi, ni ngumu kiasi cha kutumika kusagia chuma, na unapokuwa mpya hung'ata kuliko ulivyo baada ya mwezi mmoja wa kukanyagwa. Kwa hiyo hesabu saa ulizokuwa juu ya ubao, kisha useme msasa ulikuwa na umri gani na ulikuwa ukifanya mitindo ipi.

Jambo la pili ni kutaja mguu unaoutanguliza. Unaporuka oli, yaani kuruka pamoja na ubao bila kuushika kwa mikono, upande wa nje wa kiatu cha mbele huburuzwa juu ya msasa, ndiyo maana tundu la kwanza huonekana karibu na kidole kidogo na kamba za upande huo hukatika mapema, wakati kiatu cha nyuma, kwa wengi wetu, hulika soli kwa sababu ndicho tunachosukumia na kufungia breki. Ukipiga picha ya kiatu kimoja tu umeonyesha nusu ya habari. Mimi huviweka vyote viwili sambamba, juu na chini, na picha hizo hunifunza mengi kuliko alama yoyote.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono hoja ya saa, ila naongeza kwamba viatu ulivyovilinganisha huenda havikuundwa kwa kusudi moja. Katika soli ya vulkanaizi, kiatu huzungushiwa ukanda wa mpira kisha huokwa kwa joto hadi mpira ushikamane na sehemu ya juu. Soli hiyo ni nyembamba, inakunjika tangu siku ya kwanza, na mguu unausikia ubao vizuri, lakini haikingi sana kisigino unaporuka ngazi. Soli ya kikombe huumbwa peke yake, kiatu kikakalishwa ndani yake, kikagundishwa na mara nyingi kushonwa pembeni. Hiyo hukinga mshindo vizuri zaidi, ila huwa ngumu mpaka izoee mguu.

Ukitoa hukumu siku ya kwanza utaionea soli ya kikombe, na ukipima kinga ya kisigino peke yake utaionea ya vulkanaizi. Mimi hurudi kwenye kiatu mara tatu, yaani baada ya saa 2, baada ya saa 10, na siku kinapotoboka, na siyafuti maneno niliyoandika mwanzo hata yanaponiaibisha. Alama ya jumla niliiacha kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Hapo kwenye kuiacha alama ya jumla sikubaliani nawe, ndugu yangu. Mnunuzi mwenye fedha za jozi moja anahitaji kuambiwa jambo la kumsaidia kuamua, na aya sita zisizo na hukumu humwacha pale pale alipokuwa. Toa alama, lakini taja ni ya nani: 8 kwa anayeruka ngazi, 5 kwa anayefanya mitindo ya ardhini. Upana usiutolee alama hata kidogo, kwa kuwa kiatu kinachombana mwenye mguu mpana hakina kosa. Andika tu kwamba mguu wako ni mpana na uliongeza nusu saizi. Na kama kiatu ulipewa bure na aliyekitengeneza, liseme hilo katika sentensi ya kwanza, wala si chini kabisa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Ile 4 nitaiondoa leo, kwa sababu sikuandika saa na siwezi kuzibuni sasa. Limebaki swali moja: nikiziba tundu kwa gundi ya viatu na kuendelea kukitumia, saa za baada ya hapo zihesabiwe?

Mchangiaji wa pili

Zihesabu, lakini kando. Uimara wa kiatu unaishia pale soksi inapoonekana. Saa zinazofuata ni za gundi, na msomaji anastahili kuziona katika mstari wake, hasa kama kiatu ni cha swedi, ambayo gundi huishika vizuri.