Tupeane uzoefu: jarida la muziki la mradi wa chuo lilivyokutoa jasho

Mkazi wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimehama nyumba, na chini kabisa ya sanduku la vyeti nimekutana na jarida letu la mwaka wa pili, 2009. Kurasa 16, muziki wa dansi mtupu. Nimekaa sakafuni nalisoma, maboksi nimeyaacha mlangoni hadi mke wangu akaniuliza kama nimepata msiba.

Mdogo wangu naye yuko chuo, anasomea habari, na mwezi huu wamepewa kazi hiyohiyo: watu 5, mbuni jarida la muziki, mlichape, mlete nakala. Nikamwonyesha letu kwa majivuno. Akalitazama kava, akasema, "Kaka, huyu mpiga gita mbona bilinganya?"

Tulimpiga ile picha ukumbini Jumamosi usiku, taa za bluu zimemjaa usoni. Kwenye kompyuta bluu ile ilikuwa inawaka, unaona kabisa gita linalia. Hakuna aliyetuambia kwamba kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, na mashine inatengeneza kwa wino wa aina 4, na kwamba bluu ya namna ile kwenye wino haimo. Fundi wa Kariakoo akatufungulia nakala ya kwanza ingali ya moto. Mzee wa watu zambarau kuanzia kipara hadi vidole. Tukamwambia umeharibu. Akajibu bila kuinua kichwa, "Faili lenu ndivyo lilivyo." Na nakala 40 tulishalipia.

Leteni na yenu, dogo apate pa kuanzia.

Kifaranga wa Gongo la Mboto
Bilinganya 😂😂 Nimeweka kambi hapa.

Shabiki wa Msondo
Mleta uzi, kwenye hiyo picha yako ya kava hebu tuambie ni bendi gani?

Mkazi wa Tabata
Sikinde, mkuu.

Shabiki wa Msondo
Basi ilikuwa haki yake kutoka zambarau. Jarida la dansi Sikinde kava, Msondo ukurasa wa ngapi? Msondo, enzi hizo ikiitwa NUTA Jazz, imeanza 1964, hao Sikinde wa Mlimani Park wamekuja 1978. Unamweka mdogo mbele ya kaka yake halafu unalalamikia wino.

Mkazi wa Tabata
Msondo ilikuwa ukurasa wa 11. Picha moja, ndogo. Nisamehe.

Shabiki wa Msondo
Sisamehi.

Hesabu za Jioni
Rangi ni kitu kidogo. Sisi tulikwenda kuchapa na kurasa 18. Fundi akatuuliza, "Hizi mbili nizipeleke wapi?" Hatukumwelewa. Akachukua karatasi ya A3, akaikunja, akatuhesabia kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Jarida la kubana pini katikati ni karatasi zilizokunjwa, kila moja kurasa 4. Kwa hiyo 16 au 20. Hakuna 18.

Ilikuwa saa mbili usiku na asubuhi tunawasilisha. Makala ya kutoa haipo, maana kila mtu anaitetea ya kwake kama shamba la urithi. Tukaamua kuongeza mbili. Ukurasa mmoja tukaweka picha ya umati, mwingine tukampigia mama ntilie wa pale getini, tukamwambia mama tunakutangaza bure. Akasema bure haitaki, tutakula wali maharage siku mbili. Tukamwandikia ukurasa mzima: "Ukitoka kucheza, njoo ule." Mhadhiri aliupitia utafiti wetu wa miezi miwili kuhusu vinanda vya taarabu kimyakimya, alipofika kwa mama ntilie akasema hapa sasa mmefikiria msomaji.

Kifaranga wa Gongo la Mboto
Ukitoka kucheza njoo ule 😂 hiyo kauli ingeuzwa hata leo.

Jirani wa Ngara
Nawasalimu kutoka Nairobi. Jarida letu liliitwa NGOMA ZETU, herufi kubwa nyekundu, tukazisukuma hadi ukingoni kabisa ndio zionekane kali. Tukapeleka River Road, pale juu kwa ngazi, tukangoja hadi saa nne usiku. Jamaa akapanga rundo lote, akaweka chini ya mashine ya kukata, akavuta mkono mara moja tu. Kila nakala ikabaki GOMA ZETU.

Mwalimu alishika akatazama sana. Kisha akauliza, "Kwani hili ni la muziki wa Kongo?"

Mwambie dogo maandishi yakae ndani angalau sentimita moja kutoka ukingo, na picha ya kava izidi nje milimita 3 kila upande. Hiyo ya kuzidi ndiyo chakula cha kisu.

Mkazi wa Tabata
Goma!! Mke wangu amekuja kuuliza nacheka nini.

Dada wa Magomeni
Sikutaka kuandika ila huu uzi umenichokoza pabaya.

Mwaka 2012. Kikundi chetu tulichagua taarabu ya kisasa, na mimi ndiye niliyekuwa nimejipa kazi ya kava kwa sababu nilikuwa na Photoshop. Tukampata mwimbaji mmoja, jina simtaji, yupo na ana mashabiki. Mama mkarimu ajabu. Alitupokea nyumbani, akavaa dera mara tatu tofauti ili tuchague, akapaka hina upya kwa ajili ya picha. Alikuwa anatimiza miaka 30 jukwaani, na hiyo ndiyo habari yetu kubwa. Mimi nikaona maandishi ya kawaida hayamstahili, nikatafuta yale ya kadi za harusi, yenye mikia na vitanzi. Njano juu ya nyekundu: "MIAKA 30 JUKWAANI". Nililala saa kumi alfajiri nikijiona msanii.

Siku ya kuwasilisha tukamwalika awe mgeni rasmi. Akaja na watu wake kama 15, wamevaa sare. Ukumbi umejaa, mkuu wa idara yuko mbele. Tunamkabidhi nakala, anaitazama, anaisogeza mbali na macho, anairudisha karibu. Ile 3 ya harusi, jamani, vile vitanzi vyake vimefunga upande wa kushoto. Ilikuwa 8. Mtu yeyote mwenye macho aliona 8. Mimi tu, kwa kuwa niliiandika mwenyewe, nilikuwa naona 3 muda wote.

Akasoma kwa sauti, polepole: "Miaka themanini jukwaani." Kimya. Akageuka kwa watu wake: "Kumbe mie na Siti binti Saad tulipanda meli moja kwenda Bombay kurekodi, mbona hamkuniambia?" Mmoja wao akapiga kigelegele. Hapo nikajua tumekwisha. Hakuhitaji kinanda wala mdundo, akatoka kwenye kiti akaanza: "Themanini kanipa nani? Akamhesabie nyanya yake!" Wale 15 wanamwitikia. Alizunguka meza ya majaji mara mbili huku ameinua jarida juu ya kichwa. Mkuu wa idara, mtu mzima, miwani shingoni, akaingiza mkono mfukoni akamtuza noti ya elfu kumi. Sijui alidhani ni sehemu ya mradi.

Mimi nilikuwa chini ya meza ya projekta. Nilikuwa natafuta waya ambao haukupotea.

Kifaranga wa Gongo la Mboto
Wanajamvi uzi ufungwe, mshindi amepatikana.

Mpima Chai
Chai hii. Nakala zimechapwa, watu 5 wa kikundi, fundi, wote hawakuiona 8? Halafu Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928. Toa 80 kwenye 2012 unapata 1932. Meli ilishaondoka miaka minne nyuma. Ongeza tangawizi.

Dada wa Magomeni
Kaka, ni mipasho, wewe unaisahihisha kwa kikokotoo? Na hao wengine waliona. Waliniambia baadaye kwamba walidhani ndiyo mtindo.

Hesabu za Jioni
"Walidhani ndiyo mtindo" ni sentensi iliyoua vikundi vyote vya chuo nchini.

Mzanzibari wa Leicester
Assalam aleikum. Mie nililifanya hili jambo skuli huku Uingereza, A level, mwaka 2011. Bodi yetu ya mitihani ilikuwa haitaki jarida zima. Kava, ukurasa wa yaliyomo, na kurasa mbili za makala zinazotazamana, basi. Lakini kila picha na kila neno liwe lako, na picha zisipungue 4. Ya kunyofoa mtandaoni, hapana.

Sasa rapa mie nitamtoa wapi? Nikamchukua binamu yangu, nikamvika kidani cha dhahabu cha mama cha harusi yake, miwani myeusi, nikamsimamisha mbele ya mlango wa gereji wa jirani. Katoka vizuri, mkali hasa. Nikaja kuichapa kubwa darasani ndo nikaona: ndani ya miwani, kioo cha kulia, yumo mama yangu mzima mzima, kashika mwiko. Alikuwa katoka kukilinda kidani chake.

Muda wa kupiga nyingine hapana. Na kuna swali la tathmini linauliza jarida lako linawakilisha vipi makundi ya jamii. Nikaandika kuwa ule mwiko nimeuweka makusudi, kijana wa mtaani na nyumba iliyomlea haviachani. Mwalimu akapigia mstari, akaandika vizuri sana. NME, jarida la muziki la huku nililokuwa naliiga, liliacha kuchapwa kila wiki 2018. Mama yumo ukutani mpaka leo.

Shabiki wa Msondo
Huyu mama ndiye angepewa kava.

Fundi Mstaafu wa Kurasa
Nasoma tu nasikitika. Mambo yote haya ni ya kutokujua programu. Dogo ajifunze InDesign, ile ya kupangia kurasa, aachane na Canva ya violezo vya mtandaoni. Aunganishe picha zenyewe, za nukta 300 kwa inchi, asichukue za kutumiwa WhatsApp.

Binti wa Canva
Mzee, Photoshop ndiyo iliyompa dada yetu miaka 80. Canva ina kosa gani hapo?

Fundi Mstaafu wa Kurasa
Sijasema Photoshop, nimesema InDesign. Soma.

Binti wa Canva
Nimesoma. Laptopu ya mdogo wa mleta uzi ina RAM ngapi? Utampa wewe?

Fundi Mstaafu wa Kurasa
Siku hizi kila mtu mbunifu.

Jirani wa Ngara
Dogo aanze na kava, likishapendeza mengine yanafuata.

Hesabu za Jioni
Asianze na kava! Kava la mwisho. Utajuaje la kuweka mbele kabla hujajua ndani kuna nini?

Mpima Chai
Mimi nashauri aanze na mama ntilie.

Bwana Hakimiliki
Na asichape mashairi ya wimbo mzima kujazia kurasa, tulifanya hivyo tukaulizwa ruhusa iko wapi. Sheria ya Hakimiliki ni ya 1999, haijali kwamba wewe ni mwanafunzi uliyekosa makala.

Kifaranga wa Gongo la Mboto
Tunarudi kwa Dada wa Magomeni. Mlipata ngapi? Na yule mama je?

Dada wa Magomeni
Tulipewa hadi Ijumaa turekebishe. Hela ya kuchapa upya hatuna. Nakala 50. Tukakaa bwenini na nyembe, tunakwangua upande wa kushoto wa kila 8 hadi ibaki 3. Karatasi ile ya kung'aa ukiikwangua inaacha kidonda cheupe, na kava ni jekundu, kwa hiyo kila aliyekuwa na rangi ya mdomo nyekundu aliitoa. Ukizinusa zile nakala zilikuwa na harufu ya saluni. B tulipata.

Mama nilimpelekea mwenyewe nyumbani, naomba radhi huku natetemeka. Akazipanga zote kitandani, zilizokwanguliwa na 6 tulizokuwa hatujazigusa. Akachukua zile 6. Akasema hizo nyingine zina makovu.

Mpima Chai
Sawa. Naondoa neno chai.

Mkazi wa Tabata
Dogo amesoma uzi wote. Anauliza hayo maandishi ya kadi za harusi yanaitwaje, anasema ni makali.

Dada wa Magomeni
Simwambii.