Naomba ushauri: hoja ninazo, ila watu hawashawishiki

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikoba chenye wanachama 24. Mwezi uliopita nilisimama kuwaomba tusigawane fedha zote Desemba, tubakize nusu tununue mashine ya kusaga. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari: bei, umeme, faida. Nikasoma dakika 20. Watu wakapiga miayo, na mama mmoja akauliza chai iko wapi.

Kisha akasimama mzee mmoja muuza samaki. Hakutaja hata tarakimu moja. "Mnakumbuka mwaka ule fedha zilivyopotea?" Basi, hoja yangu ikafia palepale.

Nimeanza kusoma mambo ya balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anasema msemaji hushawishi kwa njia tatu: namna watu wanavyomwamini yeye mwenyewe, hisia anazowaamshia wasikilizaji, na hoja zenyewe. Kumbe mimi nilibeba ya tatu tu! Mzee alikuwa na zile mbili, tena bila daftari.

Kikao kingine ni wiki ijayo. Shida, niliwahi kuchelewesha rejesho, na hawajasahau. Nianze kwa kulikiri hilo au ninyamaze? Ile hofu ya fedha kupotea niijibu mapema kabla mzee hajasimama, au nimfuate kwanza nyumbani tuyaongee? Na mnaamshaje hisia za watu bila kuonekana mnawalaghai?